Mtoto, Mbwa na Amana Tuliyopewa

KHUTBA YA KWANZA

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Muumba wa binadamu na wanyama, Mwenye kumruzuku kila kiumbe wala hamsahau hata mmoja. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na ahali zake, na Masahaba zake, na kila mwenye kufuata mwendo wao mpaka Siku ya Malipo.

Ama baad. Ndugu Waislamu mliohudhuria hapa msikitini, nanyi ndugu wasikilizaji mlioko majumbani kwenu, nakuusieni, na naiusia nafsi yangu kabla yenu, tumche Mwenyezi Mungu katika yale tunayoyaona makubwa na katika yale tunayoyaona madogo, kwani huenda jambo dogo machoni petu likawa ndilo tutakaloulizwa kesho.

Jambo tulilolikusudia leo ni kuwafundisha watoto wetu namna ya kujihifadhi na mbwa. Huenda wapo watakaosema: Mbwa naye ana nini hata atajwe juu ya mimbari? Jawabu ni kwamba hatumzungumzi mbwa kwa ajili ya mbwa. Tunamzungumza mtoto, na mtoto ni amana. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, ametufundisha kuwa kila mmoja wetu ni mchunga, na kila mchunga ataulizwa juu ya alichopewa kukichunga. Mwenye kupewa mbuzi akamwacha aliwe hana udhuru mbele ya mwenyewe. Seuze aliyepewa mtoto.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa ugonjwa wa kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao katika nchi za Asia na katika Afrika yetu hii. Katika kila watu 100 wanaopatwa na ugonjwa huo, 99 wameupata kwa mbwa. Na katika kila watu 10 wanaoumwa na mnyama anayedhaniwa kuwa na kichaa, wapatao wanne ni watoto ambao hawajatimiza miaka 15. Hilo si la kustaajabisha. Mtoto ni mfupi, na uso wake umekaribiana na kinywa cha mbwa. Mtoto hupenda kukimbia na kupiga kelele, na hayo mawili ndiyo yanayomtia mbwa hamasa. Tena mtoto hajui kutambua hasira ya mnyama mpaka meno yamekwisha kumfika.

Sasa tujiulize: sisi wazee tumemfundisha nini mtoto huyu? Wengi wetu tumemfundisha neno moja tu, kwamba mbwa ni najisi, usimguse. Neno hilo ni sahihi kwa madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo wengi wetu katika mwambao huu tunayafuata, wala hatukusudii kulipunguza. Lakini neno hilo peke yake halimtoshi mtoto. Linamwambia kitu gani kitainajisi nguo yake. Halimwambii afanye nini mbwa anapomjia mbio njiani.

Na lililo baya zaidi ni kwamba watoto wengi wamelifahamu sivyo. Wamedhani kuwa maadamu mbwa ni najisi basi ni adui, na maadamu ni adui basi kumpiga mawe ni mchezo mwema. Utawaona wametoka chuoni, juzuu zao kwapani, wamemzunguka mbwa aliyejilalia kivulini. Huyu ana jiwe, yule ana fimbo, nasi wakubwa tunapita, na pengine tunacheka. Mbwa yule akigeuka akamuuma mmoja wao, tunasema: Mbwa huyu mbaya. Na ni nani aliyemfundisha ubaya? Mnyama aliyezoea kupigwa na watoto humwona kila mtoto kuwa ni jiwe linalokuja.

Ndugu zangu, unajisi ni hukumu ya tahara. Si hukumu ya uadui. Kitabu cha Mwenyezi Mungu kimemtaja mbwa katika Suratul Kahf, alipokuwa pamoja na wale vijana waliokimbia kwa ajili ya imani yao, naye amenyoosha miguu yake ya mbele pale kizingitini mwa pango. Na sharia yetu imemruhusu mtu kufuga mbwa wa kuwinda, wa kulinda mifugo na wa kulinda shamba. Kisha Mtume wetu akawasimulia Masahaba zake habari ya mtu aliyekuwa safarini, akashikwa na kiu kali. Akakuta kisima, akateremka, akanywa. Alipotoka akamwona mbwa ulimi nje, anaramba udongo wenye umande kwa ukali wa kiu. Mtu yule akasema moyoni mwake kuwa mbwa huyu yamemfika yaliyonifika mimi. Akarejea kisimani, akakijaza kiatu chake maji, akakishika kwa meno, akapanda, akamnywesha mbwa. Mwenyezi Mungu akalipokea jambo lake lile, akamsamehe. Masahaba wakauliza kama sisi tuna malipo hata kwa wanyama, wakajibiwa kuwa kila chenye uhai kina malipo kwa mwenye kukitendea wema.

Haya ndiyo ya kumfundisha mtoto kwanza: kwamba mbwa ni kiumbe cha Mwenyezi Mungu, hatumkumbatii wala hatumdhulumu. Mtoto aliyefunzwa hivyo amekwisha kupata nusu ya salama yake, kwani mbwa asiyechokozwa mara nyingi hana haja na mtu.

Nusu ya pili ni ujuzi, na ujuzi huu tumfundishe kwa vitendo, kama tunavyomfundisha kutawadha na kusali. Mtoto hakujua kurukuu kwa kuambiwa. Amejua kwa kuoneshwa.

La kwanza, asimwendee mbwa asiyemjua. Na hata yule anayemjua asimwendee anapokula, anapolala, anapokuwa mgonjwa au amefungwa mnyororo. Jike lenye watoto asilikaribie kabisa, wala asiviokote vitoto vyake hata akiviona vimeachwa peke yake, kwani mama hayuko mbali. Wala asipitishe mkono katika ua au katika lango la nyumba yenye mbwa.

La pili, asimchokoze. Asimvute mkia, asimpige jiwe, asimnyang'anye kitu kilichomo kinywani mwake, japokuwa ni kandambili yake mwenyewe.

La tatu, asikimbie. Mbwa ameumbwa na tabia ya kukifukuza kinachokimbia, na hapana mtoto anayemshinda mbwa kwa mbio. Asimame wima kama mnazi, mikono ameiteremsha mbele yake na vidole amevifumbata, macho ameyaelekeza kwenye miguu yake, wala asimkodolee mbwa macho, kwa sababu kwa mbwa kukodolewa macho ni kuitwa vitani. Anyamaze. Mara nyingi mbwa atamnusa, kisha atakwenda zake. Akishaondoka, mtoto arudi nyuma polepole bila ya kumpa mgongo. Na kama ana kikapu au mkoba, auweke baina yake na mbwa, ili meno yakija yakute mkoba.

La nne, akiangushwa chini, ajikunje kama jongoo aliyeguswa: magoti kifuani, uso chini, na mikono imefunika shingo na masikio. Asirushe mateke wala asipige makelele. Akae hivyo mpaka mbwa aondoke au mtu mzima afike.

La tano, azijue dalili za hasira: manyoya ya mgongoni yaliyosimama, mwili uliokakamaa, meno yaliyotolewa nje, na mngurumo wa kooni. Wala asidanganyike na mkia, kwani mkia kutikisika si urafiki kila mara.

La sita, azijue dalili za kichaa. Mbwa aliyebadilika tabia, anayeuma kila anachokikuta, hata miti na mawe, anayechuruzika mate, anayepepesuka, aliyepotewa na sauti yake ya kubweka, huyo akimbiliwe mbali angali hajakaribia, na mtu mzima aarifiwe. Na kuna kichaa kingine cha kimya, ambapo mbwa hujikalia tu amelegea, taya limemning'inia. Mtoto mwenye huruma akadhani amekwamwa na mfupa, akatia mkono. Huruma hiyo ni njema, lakini mahali pake ni kwenda kumwita mkubwa.

Haya si mengi, nayo hayahitaji skuli. Leo baada ya sala ya Alasiri mwite mwanao uani, umwoneshe namna ya kusimama kama mnazi na namna ya kujikunja kama jongoo, kisha umwendee wewe mwenyewe kama kwamba ndiwe mbwa, uone kama atakimbia. Hapana aibu katika hilo. Mtume wetu alirefusha sijda yake kwa sababu mjukuu wake amempanda mgongoni, wala hakuona kuwa hadhi yake imepungua. Kadhalika, tusiwatume watoto wadogo chuoni alfajiri mmoja mmoja, saa ambazo mbwa koko bado wanazurura. Waende makundi, na mkubwa wao awe mbele. Na mwenye mbwa nyumbani kwake asimwache mtoto mchanga naye peke yao, hata akisema mbwa huyu tumemlea sisi.

Ndugu Waislamu, limebaki la saba, nalo ni kubwa kuliko yote tuliyoyataja. Mtoto akiumwa, au akikwaruzwa, au akirambwa penye kidonda, aseme. Aseme saa ile ile.

Nanyi mtaniambia kuwa mtoto hana budi kusema, kwani atalia. Sivyo. Tuchukue mfano wa mtoto aliyekatazwa kumsogelea mbwa, akamsogelea, akaumwa mguuni. Anajua kuwa alikatazwa. Anajua kuwa atagombezwa kwa kuinajisi kanzu, na bakora inamngoja ukutani. Basi anaifuta damu kwa jani, anaiteremsha kanzu, ananyamaza. Kijeraha kinapona. Unapita mwezi, na pengine miwili au mitatu, na kila mtu amesahau, naye mwenyewe amesahau. Kisha siku moja anaanza kuhisi mchonyoto pale palipo kovu, na homa inamshika. Anapewa maji, koo linamkaza. Akiyaona maji tu anashtuka. Hapo, ndugu zangu, dalili zikishadhihiri, karibu hapana tabibu duniani mwenye la kufanya, na mzazi anabaki kumtazama mwanawe mpaka mwisho. Mbwa ndiye aliyeuma, lakini kilichomfunga mtoto ulimi ni bakora.

Kwa hiyo mwambie mwanao leo, kabla ya jambo kutokea: Siku utakayoumwa na mbwa, hata ukiwa wewe ndiye uliyemchokoza, njoo kwangu, sitakupiga. Kisha ulitimize neno lako. Adabu ya kosa inaweza kungoja. Jeraha halingoji.

NINI KIFANYWE MTOTO AKIUMWA

Kwanza, jeraha lioshwe pale pale kwa maji mengi yanayomiminika na sabuni, kwa muda wa dakika 15, tuzihesabu kwa saa wala tusizikisie. Virusi vya kichaa vimo katika mate, na maji na sabuni huvipunguza kabla havijashika njia ya kwenda kwenye ubongo. Kadiri jeraha linavyokuwa karibu na kichwa, ndivyo hatari inavyokuwa kubwa zaidi. Basi jeraha la uso au la shingo lishughulikiwe kwa haraka zaidi.

Pili, mtoto apelekwe hospitali siku ile ile akapate chanjo. Wapo wanaoogopa kwa kukumbuka habari za zamani, za sindano nyingi za tumboni. Zama hizo zimepita. Chanjo ya leo ni sindano chache za mkononi, au za pajani kwa mtoto mdogo, zinazochomwa kwa siku maalumu, na jeraha likiwa kubwa daktari huongeza dawa nyingine penye jeraha lenyewe. Na ziishe zote alizopangiwa, hata mtoto akionekana mzima anacheza mpira. Chanjo hii si jambo jipya. Mwaka 1885 mtaalamu wa Ufaransa, Louis Pasteur, alimchanja mtoto wa miaka tisa, Joseph Meister, aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa, na mtoto yule akanusurika. Ni msiba ulioje basi kwamba leo, zaidi ya miaka 100 baadaye, mtoto afe kwa sababu hakuna aliyemshika mkono akamfikisha hospitali.

Tatu, jeraha lisitiwe pilipili, wala mafuta ya taa, wala majani, wala udongo. Na hapa kwenye udongo tusimame kidogo, kwani pana mkanganyiko. Mtume wetu ametufundisha kuwa chombo alichokiramba mbwa kioshwe mara saba, na mojawapo iwe kwa udongo. Mtu mwenye nia njema akisikia haya anaweza kuokota udongo wa njiani akausugua katika nyama mbichi ya mwanawe, akidhani ametimiza sharia na ametibu kwa pamoja. Hakutibu. Kuosha kule ni kwa ajili ya tahara, na dini yetu haikumlazimisha mgonjwa jambo litakalomdhuru. Lioshwe jeraha kwa maji na sabuni, mtoto apelekwe kwa tabibu, na masuala ya tahara tuwaulize wenye elimu, mtoto akiwa yu salama.

Nne, hatumkatazi mtu kumwombea dua mwanawe, wala kumsomea. Lakini mwenye kumwandikia mtoto kombe akaona inatosha, akamzuia asiende hospitali, amemdhulumu. Bedui mmoja alimuuliza Mtume wetu kama amwache ngamia wake wazi kwa kumtegemea Mwenyezi Mungu, akaelekezwa amfunge kwanza kisha ndipo ategemee. Na sisi tuoshe, tupeleke, tuchanje, kisha tuinue mikono.

Nasema maneno yangu haya, na namwomba Mwenyezi Mungu anisamehe mimi na nyinyi na Waislamu wote. Mwombeni msamaha, hakika Yeye ni Mwingi wa kusamehe.

KHUTBA YA PILI

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wake Muhammad.

Ndugu Waislamu, tumekwisha kusema lililo juu ya mzazi. Limebaki lililo juu ya mtaa mzima, kwani mbwa hana mipaka, na mtoto wa fulani huumwa na mbwa wa fulani.

Tunao mfano wa karibu nasi. Kisiwani Pemba wataalamu waliufuatilia ugonjwa wa kichaa tangu mwaka 2010, mbwa kwa mbwa na jeraha kwa jeraha. Mbwa wakawa wanachanjwa kila mwaka katika kisiwa kizima, na kadiri kazi ilivyotengenea ndivyo mbwa wenye kichaa, na watu walioumwa, na watu waliokufa, walivyopungua. Ilipofika Mei 2014 ugonjwa ukawa umekatika. Kisha chanjo ikalegalega. Mwishoni mwa mwaka 2016 kichaa kikaingia tena kisiwani mara mbili, kikaenea. Chanjo ya kisiwa kizima ikarejeshwa, na Oktoba 2018 kikakatika tena. Tuzingatie, ndugu zangu: bahari haikukizuia kichaa, wala kupita miaka miwili ya salama hakukukizuia. Kilichokizuia ni chanjo, na chanjo ilipoachwa kilirudi. Wataalamu wanatuambia kuwa wakichanjwa mbwa wapatao 70 katika kila 100, ugonjwa hukosa njia ya kupita. Nao wanatuambia kuwa kuwaua mbwa ovyo hakuumalizi, kwani wanaouawa huja wengine mahali pao wasiochanjwa.

Basi siku chanjo inapotangazwa, asiseme mtu: Mimi sina mbwa, halinihusu. Anao watoto. Wala asiseme mwenye mbwa: Sitampeleka, kwa sababu kumshika ni unajisi. Mfunge kamba, mpeleke, na umajimaji wake ukikugusa, jitahirishe kama sharia ilivyokufundisha. Unajisi unaondoka kwa maji na udongo. Mtoto akishakufa harejei.

Kadhalika, mwenye mbwa amlishe na amfunge mchana, wala asimwache akajitafutie riziki njiani. Na sisi sote tusitupe matumbo na mifupa mitaani, hasa zile siku za kuchinja. Tuyafukie. Mbwa koko hukusanyika pale walipowekewa karamu, kisha tunawalaumu kwa kuja. Na walimu wetu wa vyuoni tunawaomba watenge siku moja tu, baada ya kudurusi, wawaoneshe watoto yale tuliyoyataja leo. Na mtoto anayeonekana na jiwe mkononi akimwinda mbwa, na alitupe jiwe lile kwa amri ya mkubwa yeyote anayepita, awe baba yake au asiwe.

Ewe Mola wetu, tuhifadhie watoto wetu, walioko majumbani, njiani na vyuoni. Ewe Mola wetu, waponye waliojeruhiwa, na wape subira waliofiwa na watoto wao. Zijaalie nyoyo zetu upole, ili watoto wetu watuambie yanayowasibu kabla hayajawashinda. Tujaalie tuwe miongoni mwa wenye kuvihurumia viumbe vyako, nawe utuhurumie Siku ambayo hapana rehema ila yako. Amin.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.